Koleji Aliyoichagua Masika

Saluni ya Mama Thérèse ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga kule Turffontein, Johannesburg. Ilikuwa na viti vitatu na kioo kirefu, na kila Jumamosi asubuhi binti yake Falonne alisimama nyuma ya kiti kimojawapo akisuka. Jumamosi moja ya Septemba mwaka 2016, aliyekaa kwenye kiti hicho alikuwa Masika, rafiki yake tangu darasa la nne, na Falonne alikuwa na jambo la kumwambia. Alingoja mpaka Masika akainamisha kichwa ili asukwe kisogoni, ndipo akafungua mdomo.

"Wexcombe wamenijibu," alisema.

Habari hiyo ya Wexcombe ilianzia mwezi wa Aprili. Wasichana hao wawili walikuwa mwaka wa mwisho katika sekondari moja ya mtaa wa Observatory, na mwalimu wao wa hisabati, Mrundi aliyeitwa Melchior, aliwabakisha darasani baada ya kengele. Akawaambia kuna chuo kikuu cha zamani huko Uingereza, na kwamba yeye anaona wanaweza kuomba nafasi ya kusoma hisabati. Walicheka. Mwalimu hakucheka. Alichora duara kubwa ubaoni, ndani yake akachora vidoto vingi.

"Duara ni chuo kikuu," alisema. "Hivi vidoto ni koleji, ziko thelathini na kitu. Kila moja ina mabweni yake, bwalo lake na walimu wake. Hamuombi duara, mnaomba kidoto kimoja. Hicho ndicho kitakachosoma karatasi zenu na kuwahoji, na hicho ndicho kitakachowakubali au kuwakataa. Kwa hiyo chagueni kwa akili."

Mama yake Falonne alitoka Lubumbashi, na wazazi wa Masika walitoka Butembo. Wote waliishi Johannesburg kwa karatasi za ukimbizi zilizohitaji kupelekwa mjini kugongwa muhuri kila baada ya muda. Chuo cha namna hiyo kilikuwa hakiwezekani bila mtu wa kuwalipia. Masika ndiye aliyeipata Wexcombe, akiwa amekaa kwenye kompyuta ya maktaba. Ilikuwa koleji ndogo kuliko karibu zote. Aliipenda kwa sababu ambazo hangeweza kumwambia mwalimu: mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba kila ngazi ina jiko lake na mtu anaruhusiwa kujipikia chochote, na Masika, ambaye hakuwahi kupitisha siku mbili bila bugali, ugali wa kwao Kongo, aliona hapo ataishi. Zaidi ya hilo kulikuwa na ufadhili kamili kwa wanafunzi wenye hadhi ya ukimbizi, kila kitu juu ya koleji. Tovuti ilisema: kila mwaka, mtu mmoja.

"Tuombe sote wawili," Masika alisema siku ile. "Watamchukua mmoja wetu, au hawatamchukua yeyote. Hakuna ubaya."

Falonne alikubali, na alipokubali hakuwa akidanganya. Lakini kadiri wiki zilivyokwenda, alianza kuona kitu ambacho alikuwa akikiona siku zote bila kukitazama. Falonne alikuwa mwanafunzi hodari. Alifanya kila zoezi mara mbili, daftari lake lilikuwa safi, majibu yake yalikuwa sahihi. Mwalimu Melchior alipomrudishia daftari alisema, "Vizuri sana." Alipomrudishia Masika daftari lake, lenye mistari michache iliyopindapinda, hakusema vizuri. Aliinama juu ya dawati na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Hapa umefikaje?"

Nafasi ilikuwa moja. Falonne alijua, kama mtu anavyojua jina lake, nani angeipata.

Basi Jumamosi ile, mikono yake ikiwa ndani ya nywele za rafiki yake, akasema Wexcombe wamemjibu. Akasema aliwaandikia kuuliza, na wao wakaeleza kwamba kwa upande wa hisabati hawapokei maombi mawili kutoka shule moja. Wanapokea moja, la kwanza kufika.

"Na mimi nilishatuma la kwangu Jumanne," aliongeza. "Sikujua. Eish, Masika, kama ningejua ningekungoja."

Hakukuwa na hata neno moja la kweli katika maneno hayo. Hakuwa amewaandikia, na fomu yake ilikuwa bado nusu.

Masika hakugeuka. Mkono wa Falonne ulikuwa umeshika fungu la nywele, na alihisi shingo ya mwenzake ikikaza kidogo, kisha ikalegea.

"Wamekuambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa barua?"

"Kwa barua pepe."

Upande wa pili wa chumba Mama Thérèse alikuwa akibishana na mteja kuhusu rangi. Masika alinyoosha mkono, akachukua kitana kilichokuwa kimeanguka mapajani mwake, akampa Falonne.

"Sawa," alisema. "Nitatafuta nyingine."

Jumatatu Falonne alimaliza fomu yake maktabani na kuituma. Ijumaa Mwalimu Melchior, aliyetakiwa kuwaandikia wote barua ya kuwathibitisha, aliwaita ofisini. Alikuwa na karatasi ya Masika mkononi, na alionekana kutoelewa.

"Edgar?" aliuliza. "Masika, hii ndiyo koleji kubwa kuliko zote. Kila mtoto wa tajiri wa dunia nzima anaomba Edgar. Mliniambia wote ni Wexcombe."

"Nimebadilisha mawazo, mwalimu."

"Kwa sababu gani?"

"Nao wana ufadhili," Masika alijibu. "Na hisabati ni ile ile."

Mwalimu alimtazama Falonne, kana kwamba yeye angejua. Kulikuwa na muda pale wa kusema. Tarehe ya mwisho ilikuwa kumi na tano Oktoba, siku kumi na tano mbele, na koleji ingeweza kubadilishwa kwa kufuta jina moja na kuandika jingine. Falonne aliangalia kalenda iliyokuwa ukutani nyuma ya mwalimu. Mwalimu aliposhusha pumzi na kuanza kuandika, muda ule ulipita. Miaka iliyofuata aliurudia mara nyingi kuliko ule wa saluni, kwa sababu pale saluni angalau alikuwa na woga wa kusingizia. Ofisini hakuogopa kitu. Alinyamaza tu.

Kilichofuata ndicho ambacho hakukitegemea. Masika hakumkimbia. Walifanya pamoja mitihani ya matriki, ile ya kumaliza sekondari, na ilipofika Desemba na wote wakaitwa kwenye mahojiano, Masika alikuja Turffontein kila asubuhi wajizoeze. Walikaa kwenye ngazi za nyuma, mmoja akiwa mhoji na mwingine mwombaji.

"Zidisha moja kwa mbili kwa tatu, endelea mpaka mia," Masika aliuliza siku moja. "Mwisho wa jibu kuna sifuri ngapi?"

Falonne alichukua kalamu.

"Weka kalamu chini. Ukianza kuzidisha utazeeka hapa. Sifuri inatoka wapi?"

"Kwenye kumi."

"Na kumi?"

"Mbili mara tano."

"Mbili ziko tele, hazikupi shida. Kwa hiyo usihesabu sifuri, hesabu tano." Masika alikunja vidole. "Namba zinazogawanyika kwa tano ni ishirini. Lakini ishirini na tano ina tano mbili ndani yake, na hamsini pia, na sabini na tano, na mia. Ongeza nne. Sifuri ishirini na nne. Tena wanataka wakusikie ukifikiri, Falo. Wewe ukikwama unanyamaza. Usinyamaze. Sema hata unapokwama."

Mahojiano ya Falonne yalikuwa Jumatatu, kwa Skype, katika darasa tupu la Mwalimu Melchior. Kwenye skrini walikuwa mwanamke mmoja mwenye mvi na kijana mwenye miwani. Walimpa swali ambalo hakuwahi kuliona, na kwa dakika nzima hakuona pa kuanzia. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba amekwama, na kwamba amekwama kwa sababu anahesabu kitu ambacho sicho, labda ahesabu kile kinachokizaa. Yule mwanamke akasogea karibu na kamera. Kuanzia hapo yakawa mazungumzo.

Masika alihojiwa Jumatano. Alitoka baada ya dakika ishirini.

"Ilikuwaje?" Falonne aliuliza.

"Waliuliza, nikajibu." Masika alikuwa akitafuta koti lake. "Walikuwa wamechoka. Nadhani nilikuwa wa arobaini siku hiyo."

Majibu yalikuja Januari, siku moja kwa wote. Falonne aliyasoma saluni na mama yake akapiga magoti palepale kati ya nywele zilizokatwa. Mchana Masika alifika. Mkononi alikuwa na simu, na alisoma sentensi moja kwa sauti tulivu: ushindani wa mwaka huu ulikuwa mkali mno, na koleji inasikitika. Halafu akamkumbatia Falonne, akamwambia hongera, akamsaidia Mama Thérèse kufagia. Kanisani kwao Rosettenville walifanya ibada ya shukrani. Masika aliimba kwenye kwaya.

Yeye aliingia chuo cha Doornfontein, mtaa uleule ambao baba yake, fundi cherehani aliyeitwa Évariste, alikuwa na karakana yake. Alisomea uhandisi wa umeme. Septemba ya mwaka 2017 alimsindikiza Falonne uwanja wa ndege, akambebea begi moja.

Wexcombe ilikuwa kama Masika alivyoisoma. Jiko la ngazi lilikuwepo, na mara ya kwanza Falonne alipopika bugali kwa unga alioutafuta mji mzima, alisimama na mwiko mkononi akashindwa kula. Aliandika ujumbe kwa Masika kumwambia jiko lipo. Masika alijibu, "Safi. Usichome sufuria za watu." Falonne alisoma kwa bidii kama alivyosoma siku zote. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mara nyingi, mwalimu alipoweka swali gumu na chumba kikanyamaza, alijiuliza mtu fulani angesema nini.

Desemba ya mwaka wa pili koleji ilimwomba asaidie kuwapokea vijana waliokuja kwa mahojiano. Jioni ya mwisho alikunywa chai na yule mwanamke mwenye mvi aliyemhoji, ambaye sasa alikuwa mwalimu wake wa aljebra. Falonne aliuliza, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda tu, kama koleji inaweza kuchukua wanafunzi wawili kutoka shule moja.

"Kwa nini isiweze?" mwalimu alisema. "Tulikuwa na mapacha hapa, ukutani kuna picha yao."

"Hata kwenye ufadhili?"

"Ufadhili ni wa mmoja, kwa kawaida. Mwaka wenu peke yake ulikuwa wa wawili." Alikoroga chai. "Kuna mtu alituachia urithi. Habari ilitufikia maombi yakiwa yameshafungwa, kwa hiyo tovuti ilibaki kusema mmoja. Tulikuchukua wewe, tukamtafuta wa pili, hatukuridhika na yeyote. Ile nafasi ilipotea. Nilisikitika sana, sisi ni koleji ndogo, hatupati bahati hiyo mara mbili."

Falonne alimaliza chai yake. Aliosha kikombe chake na cha mwalimu, akavifuta, akavirudisha mahali pake. Miaka miwili alikuwa amejiambia jambo moja lililomwezesha kulala: kwamba mtu mmoja lazima angekosa, na kwamba kama si Masika angekuwa yeye. Sasa jambo hilo halikuwepo tena.

Hakuweza kuliandika kwenye simu. Alingoja mpaka Julai mwaka 2019, aliporudi Johannesburg kwa wiki tatu. Siku ya nne alikwenda Doornfontein. Ilikuwa baridi kavu, jua kali lisilo na joto. Karakana ya Évariste ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri, na ndani kulijaa majoho meusi ya mahafali, kwa sababu wanafunzi wa mtaa ule walikuwa wateja wake wakubwa. Évariste mwenyewe alikuwa ameenda kununua uzi. Masika alikuwa amekaa kwenye cherehani akipinda upindo.

Walisalimiana, wakacheka, wakaulizana habari za wazazi. Masika alikuwa amenenepa kidogo, na ilimpendeza. Alikuwa mwaka wa mwisho, na kampuni moja ya kufunga jenereta ilikuwa imemwahidi kazi kama karatasi zake zitakuwa sawa. Alisema hivyo bila kulalamika.

"Masika," Falonne alisema. "Ile habari ya Wexcombe, kwamba hawapokei wawili. Nilikudanganya."

Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa upindo. Masika akakata uzi kwa meno.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu yake. Niliwapigia kwa simu ya baba, hapa hapa. Mama mmoja akanijibu vizuri sana. Akaniambia, tuma tu, binti yangu, hata mkiwa kumi."

Falonne alikuwa amesimama. Alitafuta kiti, na kiti kilikuwa na majoho, akabaki amesimama.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nilijua utasema. Kila siku nikija shuleni najiambia, leo." Masika alilainisha kitambaa kwa kiganja. "Ofisini kwa mwalimu nilijua kabisa ndiyo siku yenyewe. Ukaangalia ukuta."

"Na bado ukaja kunizoeza."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliona koleji ni thelathini, wewe unaitaka ile moja mpaka unaumwa, basi uichukue. Nilifikiri mimi nitapita popote." Alicheka kidogo, kicheko cha kujicheka. "Nilikuwa na kiburi pia, usinifanye malaika. Lakini nilikuachia, Falo. Hukuniibia. Ungeniomba tu ningekupa, na tungebaki vile tulivyokuwa. Hilo ndilo linaloniuma, hilo tu."

Falonne alilia. Masika alimpa kipande cha bitana ajifute, na kwa dakika chache ilikuwa kama zamani kwenye ngazi za nyuma. Ingetosha. Baadaye Falonne alijua kwamba ingetosha, kwamba pale ndipo alipopaswa kushukuru na kunyamaza. Lakini alikuwa amebeba mambo mawili kutoka Uingereza, na alikuwa amejifunza, kutoka kwa Masika mwenyewe, kwamba kunyamaza ni kosa.

"Kuna jingine," alisema. Akamweleza kuhusu urithi, na tovuti ambayo haikusahihishwa, na nafasi ya pili iliyokosa mtu.

Masika alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya joho.

"Kwa hiyo zilikuwa mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Mwaka ule ule."

"Ndiyo."

Masika alitazama dirishani, ambako upande wa pili wa barabara watu walikuwa wakisubiri robot, taa za barabarani, iwaruhusu kuvuka.

"Nilikuwa na kitu kimoja katika habari hii," alisema hatimaye. "Kwamba nilimpa rafiki yangu nafasi yangu. Siku mbaya nilikuwa nakiangalia hicho. Sasa unaniambia sikukupa kitu. Ningeomba tu, tungekwenda wote." Akachukua joho jingine kwenye rundo. "Hilo ungeniachia, Falonne."

Alimwita jina lake lote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hatua zilisikika kwenye ngazi, na Évariste akaingia na mfuko wa uzi.

"Ni wewe, Falonne? Karibu, karibu. Mama iko muzima?" Alimshika mikono yote miwili, akamgeuza kwenye mwanga amwone. "Angalia huyu mutoto. Masika, umemupa hata chai?"

"Anaondoka, papa," Masika alisema. "Ana haraka."

Falonne alirudi Turffontein. Mama yake alimuuliza kama Masika hajambo, akajibu hajambo. Jumapili walikwenda kanisani Rosettenville, na Masika alikuwa kwenye kwaya, safu ya pili, akiimba kama alivyoimba siku zote. Baada ya ibada watu walipotoka uani, alimjia Falonne, akamsalimu kwa mkono, akamuuliza anasafiri lini. Falonne akamwambia tarehe ishirini na sita.

"Safari njema, basi," Masika alisema, na akaenda kumsaidia Mama Thérèse kubeba viti.